Kidole cha Mwisho cha Profesa Shekiondo

Biashara ya mwanafunzi ikifa, mwalimu wake hukatwa kidole, ndiyo sheria. Profesa Shekiondo alikuwa amefundisha ujasiriamali Lima, Hanoi na Akra, na kila mji ulikuwa umechukua vidole vyake. Asubuhi hiyo afisa alikibana kidole cha tisa juu ya meza ya chai, akakikata. Damu iliruka hadi kwenye maandazi.

Mkewe, Namkunda, alimfunga kitambaa, kisha akaanza kumfunga vifungo vya shati, kazi yake tangu vidole vilipoanza kupungua.

"Pole, Profesa," afisa alisema akifuta koleo. "Mama, nimepita dukani kwako kununua mkate, nimekuta kufuli. Wiki ya pili sasa."

Namkunda, aliyekuwa mwanafunzi wake kabla ya kuwa mkewe, akaacha kufunga.

Profesa akaurudisha mkono mezani mwenyewe.