Kipimo cha Ngumi

"Wali usizidi ngumi yako, mzee wangu," alisema mwanafunzi wa lishe, akiinua ngumi yake mwenyewe kuonyesha.

Maneno hayo alikuwa ameyasema wodini kwa miezi kumi, hadi yalikuwa yanatoka yenyewe. Huyu alikuwa mgonjwa wake wa mwisho. Nyuma yake msimamizi alishika daftari la mafunzo ya vitendo, lililobakiza sahihi moja tu.

Mzee, fundi viatu mwenye kisukari, akatoa mikono chini ya shuka. Akajaribu kukunja vidole. Vilifika nusu vikagoma, vimepinda na kukakamaa, kama bado vimeshikilia kiatu cha mtu.

"Kwa ngumi hii, mwanangu," alisema taratibu, "si nitamaliza sufuria nzima?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akaangua kicheko. Mwanafunzi naye angecheka, lakini alisikia kalamu ya msimamizi ikifungwa bila kutia sahihi, tki. Yote aliyoyakariri yakamtoka kichwani. Akashusha mkono, akavuta kiti, akaketi. Miezi kumi yote hakuwahi kuketi.

"Nyumbani nani anakupakulia?"

Mzee akaonyesha kwa kidevu. Dirishani alisimama mkewe na mfuko wa nguo safi. Tangu asubuhi hakuna aliyemsemesha, ila kumwambia asogee.

Mama yule akauweka mfuko chini, akaja hadi kitandani, akakunja ngumi yake juu ya shuka.

"Amelazwa hapa mara tatu," alisema. "Leo ndiyo mnaniuliza."