Jibu la Pili

Kila Ijumaa baada ya Alasiri, kila nyumba mjini Pangani ilipaswa kukitajia kisanduku cha ukutani mtu mmoja iliyemshuku wiki hiyo. Usalama, sheria ilisema, huanzia kwa jirani.

Bi Ruwaida, mwalimu wa madrasa, hakuwahi kumtaja mtu. "Mola ametukataza dhana na kupelelezana," alimwambia mumewe, Shaame. "Nikimwona mhalifu nitamtaja. Nisichokiona nitakisemaje?" Kwa hiyo kila wiki alijitaja mwenyewe, na kisanduku kikashukuru.

Ijumaa moja kikasema, "Leo nyumba hii imetoa majibu mawili. Yote tumeyapokea."

Nyumba hiyo ilikuwa na watu wawili tu.

"Kimeharibika hicho," Shaame alisema, macho yakiwa kwenye sahani ya mihogo.

"Huenda," Ruwaida akajibu. Akaleta istighfari kimoyomoyo, maana huyu alikuwa mume wake wa ndoa ya miaka thelathini na moja, aliyemlisha uji kwa kijiko alipougua. Lakini dhana ilikwisha kuingia, wala haikupiga hodi.

Shaame akanawa mikono. Akauliza kwa upole, kama alivyouliza siku nyingi, habari za Khelef, mdogo wake Ruwaida, aliyeng'oa kisanduku chake na kukimbilia mafichoni.

"Shemeji hajapiga simu bado?"

"Hajapiga."

Khelef alikuwa amepiga asubuhi ileile. Ulikuwa uongo wa kwanza Ruwaida kumwambia mumewe, na wepesi ambao uongo huo ulimtoka nao ulimtisha kuliko kisanduku.