Betri Juani

Shekue, anayepiga picha za harusi kwa droni, alikuwa ameziacha betri zake tatu kwenye ndoo ya mchanga, zikiwa na chaji nusu, kama zinavyotakiwa kuhifadhiwa. Aliporudi kutoka kwa kinyozi alikuta ndoo ina mchanga peke yake. Uani, mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, aliyefika jana kuwatembelea, alikuwa ameketi kando ya ungo wa dagaa akifukuza kuku. Katikati ya dagaa zilikuwa zimeanikwa betri mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimezikuta zimelala mchangani, nikakuanikia. Za redio yangu hufufuka hivi hivi."

Mkwe hapigiwi kelele. Betri moja ilikuwa imevimba kama andazi, na betri za namna hii zikishavimba, kinachofuata ni moto.

"Hiyo imeshashiba," Bi Mwanahawa alisema kwa fahari.

"Ahsante, mama. Naomba usogee kidogo, jua lisikuumize."

Alichukua koleo la jikoni, akaibeba ile iliyovimba huku amebana pumzi, akaizika mchangani. Ya pili akaiweka kivulini. Ndipo akakumbuka hesabu.

"Mama, kulikuwa na ya tatu."

"Ile mvivu. Nimeirusha juu ya bati, ipate jua la kweli."

Wote wawili wakainua macho. Kule juu, paka wa jirani alikuwa akirudi nyuma, hatua moja moja, bila kupepesa macho.