Kiti Chini ya Swichi

"Atakayeigusa swichi hii, aanze na mimi."

Mzee Tanuri aliyasema hayo kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomtisha mkwe wake. Kufoka kwake nyumba nzima ilikwisha kuzoea.

Kiti alikuwa amekisukuma mpaka ukutani, kwenye korido, chini kabisa ya swichi kubwa yenye mpini, naye alikuwa amekikalia tangu Jumapili. Kutoka hapo aliuona mlango wa chumba ulioachwa wazi, na kitandani mkewe, mpira wa hewa puani, mashine ya oksijeni ikihema kando yake. Mashine ikizimika, mtungi wa akiba ungemsaidia kwa muda mfupi tu. Hakuna mtu ndani ya nyumba ile asiyelijua hilo.

Leo saa sita mchana mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulikuwa unazimwa moja kwa moja. Mtaa mzima ulikwisha kuunganishwa na paneli za sola na betri, nyumba baada ya nyumba, na fundi aliyeziunganisha ni huyu huyu mkwe, mke wa mwanawe wa kwanza. Mzee mwenyewe alikuwa amechochea moto wa mtambo ule tangu ujana mpaka mgongo ulipokataa. Ndiko alikopatia jina. Ndiko alikotoa pia lile vumbi jeusi la kwenye ovaroli, ambalo mkewe alilifua miaka nenda rudi mpaka likamkaa kifuani. Hili la pili hakuwahi kumwambia mtu, lakini lilimtafuna kila aliposikia kile kikohozi.

"Baba," mkwe alisema, "betri nimezipima. Zinambeba Mama usiku kucha, na asubuhi zinabaki na akiba."

"Betri ni za tochi."

"Nimekuomba wiki nzima."

"Na wiki nzima nimekataa. Mtambo ukifa, nitaigeuza mwenyewe, kwa mkono wangu. Kabla ya hapo, hapana. Mimi simkabidhi mke wangu kwa mawingu."

Swichi yenyewe, ya kuchagua kati ya umeme wa mtambo na wa sola, ilifungwa ukutani Jumamosi. Mkwe alitaka kumwonyesha inavyofanya kazi, lakini mzee alimkatisha hata hajaanza. "Mimi nifundishwe swichi? Hizi nimezishika wewe hujaota meno!"

Jumapili akatoka kuoga, akakuta mpini uko chini. Damu ikamchemka. Kule mtamboni mpini ukiwa juu, kazi inakwenda. Ukiwa chini, kuna mtu kaharibu.

"Umenizunguka!" alimfokea mkwe wake. "Umembadilishia mke wangu umeme nikiwa bafuni!"

Akausukuma mpini juu kwa nguvu mpaka chokaa ikadondoka ukutani. Mkwe alifungua mdomo kujibu. Mama akampungia kidole kutoka kitandani, naye akaufunga. Siku hiyo hiyo kiti kikaletwa, na tangu hapo mzee alikula pale na kusinzia pale.

Jumanne alibisha hodi fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye zamu yake ya kuunganishwa ilikuwa bado. Alikuwa ameshika simu na chaja.

"Mzee, kwenu umeme upo?"

"Upo. Kwa nini usiwepo?"

"Kwangu umekatika tangu alfajiri."

"Basi nyaya zako mbovu," mzee alisema, akaichomeka simu ya jirani huku kifua kiko mbele. "Mtambo wetu mzima kabisa."

Mkwe akaingia jikoni kwa haraka, akafungulia bomba la maji, akakaa huko kitambo.

Sasa saa sita ilikuwa imekaribia. Mzee alifuta viganja kwenye suruali. Dirishani, juu ya mapaa, dohani la mtambo lilikuwa linatoa moshi mwembamba, wa mwisho mwisho.

King'ora kikalia. Kilikuwa king'ora kile kile kilichomwamsha na kumrudisha nyumbani maisha yake yote, ila leo kililia kirefu, halafu kikakata. Transfoma ya kwenye kona, iliyokuwa ikivuma usiku na mchana, ikanyamaza.

"Umekufa," mzee alisema, na macho yakamjaa machozi.

Aliinuka, akakipiga kiti teke, akaukamata mpini kwa mikono miwili ili auvute chini.

"Usiguse!"

Mkwe alimrukia. Yeye ambaye hajawahi hata kukatiza mbele ya baba mkwe wake bila kuomba radhi, sasa alikuwa ananing'inia kwenye mkono wake kwa uzito wote wa mwili. "Nakuomba, Baba, usiushushe!"

"Una wazimu? Wiki nzima unaniimbia jua, leo nakubali unanizuia? Niache! Atakata roho!"

"Sikiliza! Sikiliza kwanza, Baba!"

Akasikiliza, maana masikio yake yalikuwa masikio ya mtu wa mashine. Kule chumbani mashine ya oksijeni ilikuwa inahema vile vile, haijakosa hata pumzi moja. Akautazama mpini. Ulikuwa juu, pale pale alipousukuma mwenyewe Jumapili. Na hakuna mtu aliyepita kwenye kiti chake.

"Juu ndiyo jua, Baba," mkwe alisema taratibu, bila kumwachia mkono. "Chini ndiyo yalikuwa makaa."

Kitandani mkewe alikuwa anacheka kwa shida, mkono kifuani.

"Mimi ndiye niliyemwambia asikwambie, mzee," alisema. "Ulikuwa unalilinda jua langu vizuri sana."