Damu Iliyomkataa Felisa

Jumanne, tarehe 6 Agosti. Tangu alfajiri mvua ya kimbunga ilikuwa ikiuchapa mji wa Laoag, na katika wodi ya wanawake maji yalipenya chini ya mlango.

"Imekataa tena," alisema Rodelio, akishusha mkono wa shati juu ya pamba aliyobandikwa alipotolewa damu. "Yangu, ya Benigna, ya Osmundo. Zote. Nani bado anabisha?"

Mdogo wao, Felisa, alikuwa amelala kitandani, macho yamepiga manjano, tumbo limejaa kwa uvimbe wa ovari. Bila damu hapasuliwi, na asipopasuliwa atakufa. Kwa desturi ya pale, ndugu ndio humtolea mgonjwa wao.

"Mama alikuokota," Rodelio alimwambia. "Nimesema tangu utotoni. Leo damu yenyewe imesema. Nyumba ya mama utaihama."

"Kaka, mwache basi apumue," alinong'ona Benigna, rozari mkononi.

"Akapumue kwao!"

Wagonjwa wa jirani waliacha uji wao wa tangawizi wakatega masikio. Felisa alifumba macho akasali. Hakuomba damu. Aliomba asife akiitwa mtoto wa kuokotwa.

Daktari Pacita aliingia, viatu vimelowa.

"Nimerudia vipimo mwenyewe," alisema. "Sampuli zote nne zimekataa. Mwili wake unazishambulia chembe nyekundu za damu."

"Mmesikia?" Rodelio aliwageukia wagonjwa. "Nyinyi ndio mashahidi! Damu ikimkataa mtu, huyo si ndugu. Sasa mnataka nini tena, malaika ashuke?"

Mwanamke mmoja alicheka, kisha akaona haya.

Osmundo, ndugu wa tatu aliyetoa damu, alikunja uso. "Nne? Daktari, si tumetoa watatu tu?"

"Uvimbe ule ndio unaouchochea mwili wake uishambulie damu. Tutautoa leo leo, na tutampa damu ile itakayokataa kidogo kuliko nyingine." Daktari alimtazama Rodelio. "Ya nne niliitoa kwa Felisa mwenyewe. Ndiyo iliyokataa vikali kuliko zenu zote."

Felisa alijiinua kwa kiwiko, sauti imekauka lakini wodi nzima ikaisikia.

"Kumbe hata mimi si ndugu yangu, kaka. Basi nakuahidi mbele ya wote hawa: nikitoka humu mzima, atakayehama nyumba ya mama ni wewe."