Tumbo la Mkoba

Bi Mwanakombo aliileta mwenyewe mikoba ya ngozi ya pikipiki ya marehemu mumewe kwa Kibwana, fundi wa ngozi. "Imelegea, fundi. Nataka isimame."

Basi Kibwana akakata vipande vya dumu la plastiki, akavishonea ndani. Mkoba wa kulia ulikuwa umefanya tumbo la mviringo. Akaulowesha, akaukandamiza mpaka ukasimama wima kama sanduku.

Bi Mwanakombo alipokuja kuichukua, akaupapasa ule wa kulia, akaupapasa tena.

"Huu sio."

"Ndio huo huo, mama."

"Tumbo lake liko wapi?"

"Si ulisema isimame?"

"Nilisema." Akatia mkono ndani ya mkoba. "Kila Ijumaa marehemu alikuwa akiniletea tikiti maji humo."

"Sasa nitoe plastiki?"

"Toa. Hapana, acha. Hata sijui, fundi."

Akavuka barabara, akanunua tikiti, akarudi kulitia mkobani. Halikuingia. Akaligeuza huku na huku, wapi! Mwishowe akaketi kwenye benchi, akalipakata, akamkazia macho fundi. Kibwana alikuwa ameshika kisu cha kukatia nyuzi, asijue aukate ule mshono au akiweke chini.