Vitunguu vya Moto

Sahani ya vitunguu iliwekwa mkekani wakati Nusra amenyoosha mikono yote miwili, hina mbichi imempanda mpaka viwikoni. Vilikuwa vimekatwa mviringo na kuchovywa kwenye unga wa dengu, na bado vilikuwa vinachuruzika mafuta.

"Nilisheni kimoja," alisema.

Bi Kidawa, somo wake aliyemfunda mambo ya ndoa, alicheka. "Bibi harusi anuke kitunguu? Wiki nzima nakufukiza udi, uje kuniharibia leo?"

"Nina njaa, somo."

"Njaa gani? Kesho unaolewa!"

Wanawake wakaangua kicheko. Wifi yake, Hidaya, akauma kimoja. Ganda likavunjika, kitunguu laini kikachomoka kizima, kikamning'inia kidevuni, naye akakivuta ndani kwa ulimi.

"Vitamu, wifi yangu," alisema bila kumtazama.

Tangu asubuhi walikuwa wakimsugua, wakimwinua, wakimgeuza huku na huku, na hakuna aliyemwuliza lolote. Sasa aliviona vitunguu vikipungua mpaka kikabaki kimoja. Mkono wa Hidaya ukakifuata.

Nusra akawahi. Vidole vyake vikakikamata, na maua yaliyochorwa tangu adhuhuri yakavurugika yakawa tope.

"Mikono! We Nusra, mikono!" Bi Kidawa alipiga kelele.

Alikuwa keshauma. Kilikuwa bado cha moto, chenye chumvi, na uchungu kidogo wa hina. Alitafuna taratibu, amefumba macho, huku hina ikimdondokea mapajani na wanawake wote wamemnyooshea mikono, wala hakuna aliyejua amshike wapi.